Kupima athari za ukataji miti kwa ndege: mfano wa Usambara Mashariki

Ndege wakihesabiwa wengi zaidi palipokatwa miti kuliko kwenye msitu uliofunga, usikimbilie kusema ukataji hauna madhara. Palipo wazi ndege huonekana upesi. Modeli nzuri ya takwimu hutenganisha mambo mawili: ndege yupo kituoni (mahali mhesabuji anaposimama), na mhesabuji amemgundua.

Kwa msitu kama wa Amani, ulio katika milima hiyo ya Usambara Mashariki, Tanzania, unaopakana na chai na iliki, panga vituo 60 hivi, mita 200 au zaidi kati ya kimoja na kingine, kuanzia ukingoni mwa chai hadi ndani kabisa. Kila kituo kitembelewe mara 4, saa 12:30 hadi saa 3:00 asubuhi. Simama dakika 10, andika kila aina iliyosikika au kuonekana ndani ya mita 50. Tuseme ndege aliyepo hugunduliwa kwa uwezekano wa 0.4 kwa ziara: ziara moja itamkosa kwa asilimia 60, ziara 4 kwa asilimia 13 tu. Maliza zote ndani ya wiki chache, kwani baadhi ya ndege hushuka mabondeni msimu wa baridi, na modeli hudhani kituo hakijabadilika.

Sasa visiki, kipimo cha ukataji. Vuta kamba ya mita 100 ipite katikati ya kituo, hesabu mita 5 kila upande, zidisha kwa 10 upate idadi kwa hekta. Tenga miti ya kujengea (kipenyo sm 5–15) na ya mbao (zaidi ya sm 15). Mkato mpya bado una rangi ya mti mbichi. Wa zamani umeshakuwa mweusi. Visiki vya mbao zilizovunwa miongo mingi nyuma vimeshaoza, kwa hiyo hesabu pia mashina ya Maesopsis eminii, mti mgeni uliojaa kwenye mapengo ya uvunaji huo.

Kwenye R (programu ya takwimu), tumia kifurushi cha unmarked:

occu(~uwazi + saa ~visiki + mwinuko, data)

Vigezo vya kugundua hutangulia, vya kuwepo hufuata. Ukivigeuza, huenda programu isilalamike, ikakupa majibu ya swali jingine. Kabla ya hapo, kila kigezo kitolewe wastani na kugawanywa kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko wa namba). Visiki na umbali kutoka kijijini vikiwiana (vikibadilika pamoja) kwa zaidi ya 0.7, bakiza kimoja.

Aina ya ndege iliyopatikana vituo viwili au vitatu tu usiilazimishe kwenye modeli. Makadirio yake yatayumba mno.