Stima imerudi lakini DNS imegoma: kagua RAM, kisha kagua saa

Hii ni ya nyinyi mnaoendesha seva ndogo ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) kwenye gesti au saiba huku Lamu, yani kile kiboksi cha Raspberry Pi kilichojibanza nyuma ya rauta, stima ikipotea na kurudi simu zinaanza kumiminika: "fundi, waifai ipo lakini haifungui kitu." Nimetoka kumsaidia jamaa Shela mwenye shida hii hii, yeye alikuwa ashaamua ni RAM na anatafuta pesa ya kununua Pi kubwa zaidi. RAM kweli ilikuwa na neno lake, lakini haikuwa peke yake.

Natumia programu ya DNS iitwayo Unbound. BIND, nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni nzuri kama una domeni zako za kuhudumia, ila kwa gesti ya vyumba kumi ni mzigo wa bure.

Hatua ya 1: Jua imekufa au inakataa

Piga `ping 1.1.1.1`. Ikijibu, intaneti ipo. Sasa piga `dig @127.0.0.1 wikipedia.org`. Ukipata "timed out" au "connection refused" seva haipo hewani, nenda hatua ya 2. Ukipata SERVFAIL, iko hai na inakujibu vizuri tu, inachokwambia ni kwamba imeshindwa kupata jibu la kuliamini, basi ruka mpaka hatua ya 4. Watu wengi hawatofautishi haya mawili, wanazima na kuwasha tu.

Hatua ya 2: Nani kaiua?

`journalctl -k | grep -i "out of memory"`

Fanya hivi kabla hujawasha upya, maana logi zinaweza kupotea. Ukikuta mstari unaosema "Killed process" na jina la unbound au named (ndiyo BIND yenyewe), RAM iliisha na mfumo ukachagua wa kumtoa kafara. Kama hakuna kitu, piga `unbound-checkconf`, halafu `ss -lunp | grep :53` uone kama kuna programu nyingine imekalia poti 53 (mlango wa DNS), mara nyingi ni dnsmasq au systemd-resolved.

Hatua ya 3: Ipimie RAM

Wa BIND nisikilizeni: usipoandika `max-cache-size`, seva inayotafutia watu majina inajiruhusu kashe (akiba ya majibu) hadi asilimia 90 ya RAM yote ya mashine. Kwenye Pi ya GB 1 inayofanya na kazi nyingine, hiyo ni kujitakia. Andika `max-cache-size 128m;` yaishe.

Unbound:

`msg-cache-size: 32m`
`rrset-cache-size: 64m`

Ya pili iwe mara mbili ya ya kwanza. Na usidhani itakula MB 96 tu, piga hesabu ya kama mara mbili na nusu. RAM ikipanda siku za mwanzo halafu ikatulia, hiyo ni kashe inajaa, si ugonjwa. Na kama umepakia zile orodha za kuzuia matangazo zenye majina laki kadhaa, jua zinakaa nje ya kashe, hata upunguze vipi hapo juu hazishuki. Yule jamaa wa Shela alikuwa nazo tatu, zinarudiana karibu majina yale yale. Tulibakisha moja.

Hatua ya 4: SERVFAIL baada ya stima kurudi

Hapa ndipo watu wanakesha. Piga ile ile ukiongeza `+cd` (yani nipe jibu bila ukaguzi):

`dig @127.0.0.1 wikipedia.org +cd`

Ikijibu na +cd, bila +cd inakataa, basi ni ukaguzi wa DNSSEC (sahihi zinazothibitisha kuwa jibu halijaghushiwa) unaogoma. Piga `date -u`. Mara nyingi utakuta tarehe ya juzi au ya mwezi uliopita.

Sababu ni kwamba Pi 4 kurudi nyuma hazina saa yenye betri (Pi 5 inayo saa, betri ujinunulie). Ikizimika, ikiwaka inaendelea na saa iliyohifadhi mara ya mwisho. Sahihi za DNSSEC zina muda wa kuanza na wa kuisha, kwa hiyo kwa Pi iliyobaki nyuma sahihi za leo hazijaanza kazi. Itarekebisha saa kwa NTP (njia ya kuuliza saa mtandaoni), lakini seva ya NTP imeandikwa kwa jina, jina linataka DNS, na DNS inataka saa sahihi: ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Unbound inavumilia kidogo, ndo maana stima ikipotea nusu saa huoni kitu, lakini ikikaa siku kadhaa, au gesti ikifungwa msimu wa mvua za masika, balaa.

Kwa sasa hivi weka saa kwa mkono, `sudo date -u -s "mwaka-mwezi-siku saa:dakika"`, na tafadhali hiyo ni UTC, saa yetu toa tatu. Nimeshaona mtu kaandika 02:00 kwa sababu ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa mbili asubuhi yetu ni 08:00, UTC ni 05:00. Kisha `unbound-control flush_bogus` ili isahau majibu iliyoyakataa.

Ya kudumu, weka chrony (programu ya kurekebisha saa), na kwenye faili lake andika anwani za IP badala ya jina:

`server 162.159.200.1 iburst`
`server 162.159.200.123 iburst`
`makestep 1 3`

Hizo ni za Cloudflare. Ukipenda za Google tumia za Google tupu, usizichanganye na nyingine kwa sababu sekunde ya nyongeza wanaishughulikia kivyao. Ukitaka kubaki na majina, kwenye Unbound ongeza `domain-insecure: "ntp.org"`, jina hilo pekee lipite bila ukaguzi.

Mimi naongeza na kisaa cha DS3231, bei si kubwa, kinashika muda hata intaneti ikichelewa kurudi. Angalia tu aina ya betri, baadhi ya hivyo visaa vinajaribu kuichaji na CR2032 haichajiwi. Kifunike vizuri, chumvi ya bahari huku haina huruma na shaba.

Usizime DNSSEC. Najua kuna fundi atakwambia uzime na itafanya kazi palepale.

Hatua ya 5: Funga mlango

`access-control: 192.168.0.0/16 allow`, wengine wakataliwe. Seva iliyo wazi kwa dunia inatumika kushambulia watu, na RAM uliyookoa hatua ya 3 inaliwa na wageni usiowajua.

Jaribu sasa: chomoa waya usiku kucha, asubuhi chomeka, subiri kidogo, piga `dig @127.0.0.1 isc.org`. Kwenye flags unataka kuona `ad`, yani jibu limekaguliwa. Kisha `dig @127.0.0.1 dnssec-failed.org`, hii imeharibiwa sahihi makusudi kwa majaribio, lazima itoe SERVFAIL. Ikifunguka, uliza nani kagusa mashine.