Unataka kutengeneza gemu? Anza na kile kilichokuwa kinakunogea utotoni

Mtu akitaka kuanza kutengeneza gemu utasikia anauliza ninunue laptopu gani, nijifunze kodi ya aina gani (yaani lugha ya kuandikia programu), ni maswali mazuri tu ila yasubiri kwanza. Jiulize hivi: utotoni ulikuwa unafanya nini mpaka mama anakuita ukale husikii? Gemu yako itafute hapo.

Mcheki Satoshi Tajiri wa Japani. Utotoni alikuwa mtu wa kukamata wadudu, akiwajua mpaka wenzie wakawa wanamwita Daktari Wadudu, halafu mji ukakua, mashamba na madimbwi yakajengewa, wadudu wakapotea. Baadae akiwa mkubwa akaona Game Boy mbili, vile vimashine vya gemu vya mkononi, zinavyounganishwa kwa waya, akawaza wadudu wanatambaa kwenye ule waya toka mashine moja kwenda nyingine, na 1996 gemu yake ya Pokémon, ya kukamata viumbe, ikatoka. Mjapani mwenzie Shigeru Miyamoto nae hivyohivyo, gemu yake The Legend of Zelda ya 1986 ilitokana na kuzurura kwake porini na mapangoni karibu na kwao.

Na sio Wajapani tu. Lual Mayen, mtoto wa familia ya Sudan Kusini, amekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, mama yake alidunduliza miaka mitatu kupata dola 300 za kumnunulia laptopu, na kuichaji alikuwa anatembea masaa matatu! Akatengeneza Salaam, gemu ya amani ambayo mchezaji anakuwa mkimbizi anayekimbia vita. Hakwenda mbali kutafuta stori, ni maisha ya kwao.

Sasa wewe chukua karatasi uandike vitu vitatu vilivyokuwa vinakunogea, kombolela, mdako, bao, kumsaidia bibi kuuza vitumbua, chochote kile, ila kiwe chako kweli. Chagua kimoja kisha utafute utamu wake uko wapi hasa, na hapa usikimbilie, kaa napo hata wiki nzima, maana wengi wanabeba jina la mchezo utamu wanauacha.

Tuchukue rede, ile ya kujaza mchanga kwenye chupa huku wawili wanakulenga na mpira kutoka pande mbili. Utamu wake sio mpira. Utamu ni ile umeinama, chupa inakaribia kujaa, unajiambia ngoja niongeze gao moja tu, na mpira huo unakuja. Ile tamaa na ule woga ndo gemu yenyewe, ukivikosa hata uweke picha kali vipi watu watacheza mara moja waifute.

Ukishaupata utamu, shusha Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure na haihitaji mashine kubwa. Usichore mtu wala uwanja, weka mraba mmoja katikati, mingine miwili pembeni, duara ndo mpira. Mchezaji akishikilia kidole kwenye skrini chupa inajaa, akiachia anakwepa. Basi, hakuna menyu, hakuna levo ya pili. Kama kodi hujawahi kugusa kabisa anza na Scratch, nayo ni bure, huandiki kodi, unapanga vipande vya maagizo tu na mantiki ya gemu utaielewa vizuri.

Halafu mpe mdogo wako au mtoto wa jirani acheze, na tafadhali usimuelekeze, kaa kimya uangalie kidole chake. Akishikilia mpaka chupa inajaa bila wasiwasi ujue mpira wako unaenda polepole mno, ongeza spidi. Akiwa anakwepa tu mchanga hagusi, mpira umezidi ukali, au chupa inachelewa kujaa hivyo haoni faida ya kuthubutu. Badilisha kitu kimoja kimoja, ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutojua kipi kimesaidia.

Siku akikurudia mwenyewe "kaka naomba tena lile la chupa", hapo sasa ingia kwenye michoro na sauti. Za sauti usihangaike kushusha za wazungu, toka na simu yako jioni watoto wakiwa wanacheza, waombe wao na wazazi wao, urekodi zile kelele zao mpira unapomkosa mtu.