Jinsi ya Kulipa Nauli ya Treni London: Mwongozo kwa Msafiri Anayetoka Uganda

Tangu Uganda Airlines ilipoanza safari za moja kwa moja kati ya Entebbe na uwanja wa Gatwick tarehe 18 Mei 2025, msafiri wa kwetu anaweza kupanda ndege Entebbe na kushuka nje kidogo ya London bila kubadilisha ndege popote. Wanafunzi, wazazi wanaowatembelea watoto wao na wafanyabiashara huondoka wakiwa na maelekezo ya ndugu na marafiki waliotangulia, na maelekezo hayo hutolewa kwa nia njema. Tatizo ni kwamba kanuni za nauli za London hubadilika mara kwa mara, nauli zenyewe zikirekebishwa kwa kawaida mwezi Machi, kwa hiyo aliyeishi huko miaka 5 iliyopita anaweza kukueleza jambo lililokuwa kweli wakati wake na leo likakugharimu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba huko hakuna konda wa kumwuliza bei wala wa kupatana naye, na fedha za simu tunazozitegemea hapa hazina kazi kwenye geti la stesheni. Mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu Julai 2014. Kwenye stesheni za treni bado unaweza kununua tiketi ya karatasi kwa mashine, lakini nauli yake kwa safari moja katikati ya jiji ni zaidi ya mara mbili ya ile anayotozwa mwenye kadi, kwa hiyo sioni sababu ya msafiri yeyote kuinunua.

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kutumia kadi yako ya benki yenye alama ya mawimbi, ile inayolipa kwa kugusishwa tu kwenye mashine, au simu iliyounganishwa na kadi hiyo. Ya pili ni kununua kadi ya Oyster, ambayo imekuwapo tangu 2003, na kuiwekea salio. Kwa mtu mzima anayekwenda kwa wiki moja au mbili, kadi ya benki inatosha, kwa kuwa nauli ni ileile na hulipi ada ya kununua kadi nyingine, ada ambayo siku hizi hairudishwi. Kabla ya kuondoka Kampala, Mbarara au Gulu, fika kwenye benki yako uulize mambo mawili: iwapo kadi yako imefunguliwa kwa malipo ya nje ya nchi, na ni kiasi gani hukatwa kila inapolipa kwa pauni. Ikiwa makato ni makubwa, Oyster itakufaa zaidi, kwa sababu utaiwekea salio kwa mara chache badala ya benki kukukata kila siku unaposafiri.

Familia yenye watoto ihesabu kwa namna nyingine. Mtoto aliye chini ya miaka 11 husafiri bila kulipa nauli kwenye treni za chini ya ardhi akiwa na mtu mzima, na mtu mzima mmoja anaweza kuongozana na watoto hadi 4. Mwenye miaka 11 hadi 15 anayekuja kutembea anaweza kuwekewa punguzo la nusu ya nauli kwa muda wa siku 14, lakini punguzo hilo huwekwa kwenye Oyster pekee na huwekwa na mfanyakazi wa stesheni, kwa hiyo mzazi anapaswa kuliomba kabla ya safari ya kwanza.

Sasa tufike kwenye geti. Mashine ya kusoma kadi ina duara la manjano; weka kadi yako juu yake, subiri mlio na taa ya kijani, kisha pita. Ukifika unakokwenda fanya vivyo hivyo wakati wa kutoka, hata kama geti liko wazi, na hata pale ambapo hakuna geti kabisa. Stesheni nyingi za treni nyepesi za DLR, upande wa mashariki ya jiji, hazina mageti: mashine imesimama kwenye nguzo karibu na ngazi, abiria wanaipita kwa haraka, na mgeni huamini kuwa safari imekwisha salama. Usipogusisha, mtambo haujui ulishukia wapi, na hukutoza nauli ya juu kabisa badala ya ile unayostahili kulipa. Kwenye basi na tramu, yaani treni ndogo ya barabarani, kanuni ni kinyume chake, yaani unagusisha mara moja tu unapopanda.

Kosa linalowagharimu wageni wengi, nami ningependa kila anayesafiri alielewe vizuri kabla ya kuondoka, ni la kubadilisha kadi katikati ya safari. Mtu anaingia kwa kadi ya plastiki, kisha anatoka kwa simu iliyounganishwa na kadi hiyohiyo, akidhani ni kitu kimoja kwa sababu fedha zinatoka katika akaunti moja. Kwa mtambo wa nauli hivyo ni vitu viwili, na kila kimoja kina safari isiyo na mwisho au isiyo na mwanzo, kwa hiyo anatozwa nauli ya juu mara mbili. Hali hiyohiyo hutokea unapoweka pochi nzima juu ya duara la manjano huku ndani yake mna kadi mbili au tatu: mashine inasoma ile iliyo karibu, na ukitoka inaweza kusoma nyingine. Toa kadi moja, ishike mkononi, nayo uitumie siku nzima. Kila msafiri pia awe na kadi yake. Mume na mke hawawezi kupita kwa kadi moja katika safari moja.

Kutumia kadi moja kuna faida nyingine kubwa. Nauli za siku zikifika kiwango fulani, kinachotegemea kanda ulizopitia (jiji limegawanywa katika kanda zenye namba, ya 1 ikiwa katikati), mtambo unaacha kukutoza hadi siku iishe. Kwa viwango vilivyoanza Machi 2025, kikomo hicho kwa kanda ya 1 na ya 2 kilikuwa pauni 8.90 kwa siku. Kuna kikomo cha wiki pia, lakini wiki hiyo huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, si siku 7 tangu ulipofika, kwa hiyo anayetua Alhamisi asitarajie kukifikia katika wiki yake ya kwanza.

Saa nazo zina bei. Nauli ya saa za msongamano hutozwa Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi, na tena kuanzia saa 10:00 jioni hadi saa 1:00 usiku, isipokuwa siku za mapumziko ya kitaifa. Kinachohesabiwa ni saa uliyogusisha kadi kuingia. Jioni, anayetoka nje ya kanda ya 1 kuingia ndani yake hutozwa nauli ya chini. Huenda umesikia kwamba Ijumaa haina msongamano: hilo lilikuwa jaribio lililoanza Machi 2024 na kumalizika mwishoni mwa Mei mwaka huohuo.

Njia unayochagua kutoka uwanja wa ndege ndiyo inayoamua gharama kuliko kitu kingine. Gatwick ina treni za Southern, Thameslink na Gatwick Express, na zote zinakubali kadi ya benki na Oyster. Ila Gatwick Express, inayokwenda moja kwa moja hadi stesheni ya Victoria katikati ya London, ni ghali zaidi, na muda unaookoa ni dakika chache tu. Kwa anayetua Heathrow, uwanja mwingine wa ndege wa London, tofauti ni kubwa zaidi. Kwa viwango vya Machi 2025, safari hadi kanda ya 1 kwa treni ya chini ya ardhi ya njia ya Piccadilly ilikuwa pauni 5.80, na kwa njia ya reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, ilikuwa pauni 13.90. Tofauti hiyo inazidi shilingi 35,000 za Uganda kwa mtu mmoja. Tangu Septemba 2022, safari ya treni ya chini ya ardhi kati ya Heathrow na kanda ya 1 hutozwa nauli ya saa za msongamano wakati wote, kwa hiyo kungoja uwanjani hadi saa zipite hakukusaidii.

Mwanafunzi anayekwenda kwa mwaka mmoja au zaidi asitegemee kadi ya benki. Oyster ya picha ya wanafunzi hupunguza asilimia 30 ya bei ya pasi za wiki, mwezi au mwaka, nayo kadi ya punguzo la reli kwa wenye miaka 16 hadi 25, ikiunganishwa na Oyster, hupunguza theluthi ya nauli nje ya saa za msongamano. Muunganisho huo hufanywa stesheni na mfanyakazi.

Ukikaguliwa bila kugusisha kadi, faini ni pauni 100 tangu Machi 2024, na hupungua hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21. Ukitozwa nauli ya juu kwa bahati mbaya, fungua akaunti kwenye tovuti ya Transport for London, shirika linalosimamia usafiri wa jiji, tazama safari zako na uombe kurudishiwa bila kukawia. Salio la Oyster lisilozidi pauni 10 hurudishwa na mashine ya tiketi kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, kwa hiyo anayerudi nyumbani kupitia Gatwick alichukue akiwa bado Victoria, kabla ya kupanda treni ya uwanjani.