Kuitembelea Sarajevo kwa Miguu

Mgeni anayefika Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, na aanzie mashariki, katika soko la kale la Baščaršija, kisha aelekee magharibi kwa miguu. Mji umebanwa na milima katika bonde la mto Miljacka, na mitaa ya Austria na Hungaria ilijengwa ikipakana na ile ya Waturuki wa Osmani, kwa hiyo hatua chache tu zinakuvusha kutoka enzi moja hadi nyingine.

Nenda asubuhi, wafua shaba wa Kazandžiluk wanapofungua maduka. Msikiti wa Gazi Husrev-beg, wa karne ya 16, ulikuwa kitovu cha wakfu uliogharimia pia madrasa na maktaba. Vaa nguo za heshima, na usiingie kutalii wakati wa sala. Karibu na hapo yamo sinagogi la kale, kanisa la Kiorthodoksi na kanisa kuu la Kikatoliki la mwaka 1889. Daraja la Kilatini, ambapo Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia, alimuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, na mkewe tarehe 28 Juni 1914, halihitaji muda mrefu.

Muda wako mwingi uwekee mzingiro wa 1992 hadi 1996, wakati wa vita vya Bosnia, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yalipouzunguka mji na kuushambulia, kwa maana bila kuufahamu utakuwa umeona majengo tu. Jengo la Vijećnica, lililokuwa maktaba ya taifa, liliteketezwa kwa makombora Agosti 1992, likafunguliwa tena mwaka 2014. Barabarani utaona mashimo ya makombora yaliyojazwa utomvu mwekundu, yanayoitwa waridi za Sarajevo. Ni kumbukumbu za watu waliouawa papo hapo, basi usizikanyage. Siku ya pili panda tramu hadi Ilidža, kisha teksi hadi jumba la makumbusho la handaki lililochimbwa mwaka 1993 chini ya uwanja wa ndege, lenye urefu wa mita 800 hivi, ambamo chakula, silaha na majeruhi vilipitishwa na watu walioinama.

Beba fedha taslimu. Euro moja ni karibu marka mbili, sarafu ya nchi. Ukitembea milimani usiache njia zilizozoeleka, kwani mabomu ya kutegwa ardhini hayajaondolewa yote nchini.

Jioni panda ngome ya Žuta Tabija kutazama mji. Njia hupita kando ya makaburi meupe ya Kovači, walipozikwa wapiganaji waliouawa katika vita hivyo. Simama usome miaka iliyochongwa juu yake.