Kazi ya kwanza ukiwa Mtwara au Lindi: anza na majina yako

Nina steshenari Mtwara mjini. Wanaoingia kutoa kopi na kuskani vyeti wengi ni wahitimu: wa TIA, wa Stella Maris, wa Chuo cha Utumishi wa Umma, wa VETA, na waliorudi nyumbani kutoka vyuo vya Dar na Dodoma. Hivi karibuni nimemsaidia binti wa jirani yetu, mwenye stashahada ya uhasibu, mpaka akapata kazi ya karani wa ghala. Maswali aliyoniuliza ndiyo ninayoulizwa kila tangazo linapotoka, kwa hiyo nayaandika hapa yote kwa mpangilio niliomfuatisha yeye.

Kazi ni chache, hilo halina ubishi. Lakini kati ya ninaowaona wakienguliwa, wengi wana sifa zinazotakiwa. Wanaangushwa na karatasi zao. Tangazo mara nyingi hukaa wazi wiki mbili tu, na karatasi yenye kasoro hairekebishiki ndani ya wiki mbili. Kazi kubwa ya kutafuta ajira hufanyika kabla tangazo halijatoka.

Hatua ya 1: Barua pepe na laini ya simu

Fungua barua pepe mwenyewe, kwa jina lako, na nywila uiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Usikubali mtu wa steshenari akufungulie kwa namba yake ya simu, hata kama ni mimi. Laini nayo iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako, siyo ya mjomba aliyeko Newala.

Kisha ingia Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ujisajili. Utaulizwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa.

Hatua ya 2: Majina

Hapa usiharakishe. Chukua siku nzima, tandika mkeka, weka kila karatasi uliyonayo: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama ulifika, cheti cha chuo, namba au kadi ya NIDA, kadi ya benki, na TIN, namba ya mlipakodi, kama unayo. Chukua daftari, andika jina kama lilivyo kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Usiandike unavyolijua jina lako. Andika unavyoliona.

Huku kwetu Kusini daftari hilo mara nyingi halitoki safi. Mtoto ameandikishwa shule na mwalimu aliyeandika alivyosikia, akawa Saidi. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Said. NIDA walipopita kijijini, baba akataja jina la ukoo ambalo shuleni halikuwahi kutumika. Hamisi na Khamis, Mohamedi na Mohamed, Fatuma na Fatma, Salumu na Salum: nyumbani ni mtu mmoja, ila anayehakiki karatasi zako anaona watu wawili. Kuna waliotumia jina la babu shuleni kwa sababu babu ndiye aliyewalea, halafu cheti cha kuzaliwa kikaja na jina la baba. Na kuna akina dada walioolewa wakaandikisha jina la mume sehemu moja tu.

Nguzo yako ni cheti cha kidato cha nne. Namba ya mtihani ya kidato cha nne ndiyo iliyokupeleka kidato cha sita na chuoni, kwa hiyo vyeti vya juu kwa kawaida vimelifuata jina hilo. Usianze kwa kufikiria kukibadilisha. Angalia kipi kati ya vingine kimekwenda kando.

Kama kilichokwenda kando ni cheti cha kuzaliwa, anza nacho kabla ya NIDA. Huu mpangilio nausisitiza kwa sababu wengi hukimbilia NIDA kwanza, wanaulizwa kielelezo, wanatoa cheti cha kuzaliwa chenye kosa lile lile, wanarudishwa. Mambo ya RITA, wakala wa Serikali unaotoa vyeti vya kuzaliwa, hushughulikiwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na maombi mengi sasa hupitia mfumo wa eRITA mtandaoni. Nenda na vyeti vya shule, halisi pamoja na nakala.

Kama huna cheti cha kuzaliwa kabisa, na wa vijijini wapo wengi, usihuzunike. Una nafasi ya kukiandikisha sawasawa mara moja. Kusanya vielelezo kama cheti cha kumaliza darasa la saba, kadi ya kliniki au ya ubatizo kama bado ipo, kitambulisho cha mzazi na barua ya mtendaji. Kabla hujatuma maombi, mtu mwingine asome kila herufi akilinganisha na cheti cha kidato cha nne. Wewe jicho lako limeshalizoea jina, litapita juu ya kosa.

Ukishapata cheti cha kuzaliwa kilicho sawa, ndipo uende ofisi ya NIDA ya wilaya na vyeti vyote, uombe marekebisho. Tarehe ya kuzaliwa kwenye namba ya NIDA unaweza kuihakiki hapo ulipo: namba ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Zikitofautiana na cheti, umeshajua kazi iliyo mbele yako.

Tofauti ikiwa kubwa, kwa mfano jina zima la ukoo limebadilika, utahitaji hati ya kubadili jina. Huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hapa watu huchanganya. Kiapo cha kawaida cha wakili, kinachosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja, ni karatasi nyingine, na hakichukui nafasi ya hati iliyosajiliwa pale hati inapotakiwa. Soma tangazo linataka ipi. Kama halisemi, mimi huwashauri watafute hati iliyosajiliwa, kwa sababu siku ya usaili huna muda wa kubishana mlangoni.

Mambo mawili ya nyongeza. La kwanza, usiandike kwenye mfumo jina unalotamani kulitumia. Andika lililo kwenye vyeti. La pili, usisubiri tangazo ndipo uanze safari hii. Binti wa jirani yetu tulianza naye wakati hakuna nafasi yoyote iliyotangazwa, na mama yake alikuwa akiniuliza tunahangaikia nini. Tangazo lilipotoka, yeye aliandika barua tu. Wenzake walikuwa kwenye foleni za ofisi.

Hatua ya 3: Mhuri na skani

Toa nakala za vyeti, wakili agonge mhuri na kusaini kila moja, halafu ndipo uskani. Cheti cha kuzaliwa nacho kinatakiwa kuwa na mhuri huo. Tumia mashine ya kuskani. Picha za simu zina kivuli cha mkono na kona zilizokatwa, na mhuri hausomeki. Kila cheti kiwe faili lake la PDF lenye jina la cheti hicho, usivifunge vyote pamoja. Hifadhi kwenye barua pepe yako. Flashi hupotea, na huingia virusi kila ikizunguka steshenari.

Hati za matokeo ya kidato cha nne na sita, na matokeo ya muda ya chuo, hazikubaliwi na Sekretarieti. Kama cheti chako bado kiko shuleni au chuoni kwa sababu ya deni la ada au uvivu wa safari, kifuate sasa.

Hatua ya 4: Barua na wasifu

Barua ukurasa mmoja, wino mweusi, imesainiwa kwa mkono. Wasifu kurasa mbili, bila rangi, bila picha, bila vile vipande vya duara vya kuonyesha unajua Kiswahili kwa asilimia ngapi. Nafuta hivyo kila siku kwenye faili za watu. Wadhamini watatu, na uwapigie simu kabla hujaandika namba zao.

Usiandike kwamba wewe ni mchapakazi. Andika ulichofanya. Kama ulishinda kwenye ghala la chama cha msingi ukipokea korosho, andika kwamba ulipima, ukatenganisha daraja la kwanza na la pili, ukajaza stakabadhi na kulinganisha daftari na mzigo kila jioni. Huo ni uhasibu wa bidhaa, na anayeajiri mtunza ghala au karani wa fedha anauelewa upesi kuliko maneno ya kujisifu.

Hatua ya 5: Kazi ziko wapi huku kwetu

Usisubiri jambo moja kubwa. Lindi watu wamesubiri mradi wa gesi kimiminika wa Likong'o miaka mingi. Makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022, na wapo vijana waliokaa nyumbani wakisubiri ujenzi. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo ipo na inafanya kazi, kiwanda cha Dangote kipo tangu 2015, bandari ya Mtwara hupakia korosho. Peleka maombi kote huko. Ila sehemu hizo huchukua watu wachache kwa mara moja, na zinataka uzoefu.

Uzoefu huo, kwa mtu asiye na mjomba ofisini, mimi naona hupatikana kwenye misimu. Ufuta huanza kununuliwa karibu Mei au Juni, mbaazi zinafuata, na minada ya korosho hufunguka Oktoba hadi mwaka mpya. Yote hupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mazao hukusanywa ghalani kwa stakabadhi kabla ya kuuzwa, na mzigo ukiingia ghalani lazima kuwe na watu wa kupima, kuandika na kulinganisha hesabu. Vyama vikuu ni TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa ukanda wa pwani ya Lindi. Chini yao kuna vyama vya msingi, AMCOS, karibu kila mahali. Kwa korosho nenda Julai na Agosti, kabla ya msimu. Ukienda Oktoba utakuta makarani wameshapatikana.

Usitegemee korosho peke yake, lakini. Mwaka 2018 wanunuzi na wakulima walishindwana bei, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na mji mzima ukasimama ukisubiri malipo. Fundi simu, duka la vipuri, mama lishe, wote waliguswa. Kwa hiyo jiandikishe pia kwenye huduma za ajira za Serikali (TaESA), wanaowaunganisha wahitimu na mafunzo ya uzoefu kazini.

Kila msimu ukiisha, omba barua yenye mhuri inayotaja cheo, tarehe na kazi uliyofanya. Iombe siku ya mwisho, kabla viongozi hawajabadilishwa.

Hatua ya 6: Usaili

Hakikisha anwani ya makazi kwenye Ajira Portal ni Mtwara au Lindi kama ndiko unakoishi. Usaili wa mchujo siku hizi mara nyingi hufanyika mkoa uliouandika, na wengi wameacha anwani ya chuoni, wakaitwa Dodoma kwa nauli yao wenyewe. Usafiri, chakula na malazi ni juu yako.

Ukiitwa Dar wakati wa masika, ondoka siku mbili kabla. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara upande wa Kilwa, na mabasi hayakupita.

Beba vyeti halisi na kitambulisho. Anayekupigia akitaka pesa ili jina lako lipite, kata simu. Sekretarieti haitozi.

Hatua ya 7: Mkataba

Usianze kazi kwa maneno ya mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, mshahara, saa na tarehe ya kuanza. Kwa sekta binafsi uliza kuhusu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwenye mshahara wako haikatwi zaidi ya asilimia 10. Baada ya miezi michache hakiki mwenyewe kama michango inafika. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi nayo inakatwa, kwa hiyo fanya hesabu hiyo kabla hujalipia chumba.