Namna ya Kumuuliza Majeruhi wa Ajali Kuhusu Pombe na Dawa za Kulevya

Majeruhi wa bodaboda anapoletwa mapokezi akinuka gongo na kujibu ovyo, usikimbilie kusema amelewa tu. Hakikisha kwanza kwamba njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu viko salama, pima sukari, kisha umchukulie kuwa ameumia kichwa mpaka uchunguzi uonyeshe vinginevyo, kwa maana damu inayovilia ndani ya fuvu humfanya mtu aongee kama mlevi.

Ukichukua damu ya kupima kileo, safisha ngozi kwa maji na sabuni badala ya spiriti, na uandike saa kamili, kwani kiwango huendelea kushuka kadiri muda unavyopita. Kipimo cha mkojo kina kasoro yake: bangi yaweza kuonekana siku kadhaa, hata wiki, baada ya kuvutwa, hivyo hakithibitishi kwamba mtu alikuwa amelewa barabarani.

Maswali yangoje maumivu yatulie, na ndugu pamoja na askari wakae nje ya pazia. "Kaka, tunawauliza wote walioumia, ili tusikupe dawa itakayogongana na ulichotumia. Ulikunywa nini, na saa ngapi?" Taja mbege, mirungi na bangi kwa majina yake, neno "dawa za kulevya" huwafunga watu midomo.

Baadaye wodini, tumia dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10, ambapo alama 8 au zaidi huashiria unywaji hatarishi. Aliyezoea kunywa kila siku achunguzwe kwa karibu, hasa siku 3 za mwanzo bila pombe, kuona kama anatetemeka, anatoka jasho au anaweweseka.