Kadi Imepoteza Picha: Ya Kuzingatia Kabla Hujaigusa

Harusi ilikuwa Morogoro, saa nne usiku, keki ndiyo kwanza imekatwa. Msaidizi wangu akanifuata nyuma ya spika, kamera mkononi, sauti imemkauka. "Kaka, nadhani nimefomati ile ya kanisani." Kadi hiyo ya kuhifadhia picha ilikuwa na kazi ya tangu asubuhi: bibi harusi akipambwa saluni, kanisani, bustanini. Kijana alidhani ni tupu, na alikuwa ameshapiga picha 11 juu yake.

Nikachomoa kadi, nikasukuma kile kiswichi cha ubavuni upande wa kufunga ili isiandikwe tena, nikaitia mfuko wa shati, tukaendelea na kadi nyingine. Basi. Hatukuichungulia pale ukumbini. Siku mbili baadaye picha zilirudi karibu zote, isipokuwa 11 za mwanzo, zile za saluni. Mama wa bibi harusi aliziulizia, na ilibidi nimweleze ukweli.

Kwa nini zipotee zile na si nyingine? Fikiria mapokezi ya gesti. Ukifuta picha, kamera haiendi chumbani kumtoa mgeni. Inakata jina lake kwenye daftari tu. Ukifomati, daftari zima linachanwa na jipya linafunguliwa, lakini wageni bado wamelala vyumbani. Mhudumu akipokea wageni wapya anaanza kugawa vyumba kuanzia namba moja, na hapo ndipo waliotangulia hutolewa kweli. Picha zetu 11 za keki zililala kwenye vitanda vya saluni. Zingekuwa 300, tungepoteza na kanisa.

Kwa hiyo la kwanza, na ukisahau mengine yote shika hili: ukigundua picha hazipo, acha kupiga. Usipige hata moja ya kujaribu. Zima kamera, toa kadi, funga kiswichi. Ila ujue kiswichi hicho ni kipande cha plastiki tu. Kazi ya kukitii ni ya kamera au kifaa cha kusomea kadi, na kadi ndogo za microSD hazina kabisa, hutegemea adapta yake.

Hofu ndiyo inayoharibu zaidi. Unachomeka kadi kwenye kompyuta, Windows inakwambia lazima uifomati kabla ya kuitumia. Jibu ni hapana. Baadhi ya kamera nazo huomba ruhusa ya kukarabati orodha ya picha. Hapana tena, kwa sababu nako ni kuandika kwenye kadi. Rafiki atakwambia endesha chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Kazi ya chkdsk ni kunyoosha daftari, haijali mgeni gani anatupwa nje, kwa hiyo iache mpaka uwe na nakala.

Nakala ndiyo hatua watu wengi wanairuka. Kabla ya kutafuta picha, nakili kadi nzima, na sehemu zinazoonekana tupu, iwe faili moja kubwa kwenye diski, kisha fanya majaribio yako yote kwenye faili hilo. Kwenye Linux na Mac ipo amri ya kunakili iitwayo dd. Kadi ikiwa inasomeka kwa kusuasua, ddrescue ni mvumilivu zaidi. Kadi ya GB 64 itadai GB 64 za nafasi, hata kama ilikuwa na picha kumi. Na zaidi ya hapo uwe na nafasi ya picha zitakazotoka, maana haziokolewi kurudi kwenye kadi ileile. Nimeshaona mtu akifanya hivyo, programu ikiokoa picha moja huku ikifukia nyingine.

Programu ninayoitumia ni PhotoRec, ya bure, ya Mfaransa Christophe Grenier. Sura yake inatisha kidogo, maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, lakini haihitaji daftari. Inapita chumba kwa chumba ikitafuta sura ya faili: JPEG, kwa mfano, huanza na alama FF D8 FF. Ndiyo maana majina hupotea. Badala ya IMG_4127 utapata f na rundo la tarakimu, ndani ya folda ziitwazo recup_dir. Tarehe ya kupigwa huwa imo ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo zipange kwa tarehe hiyo. Ipakue leo, uifahamu ukiwa umetulia, maana usiku wa harusi bando limeisha na mikono inatetemeka.

Video ni shida nyingine. Faili kubwa likikatwa vipande vilivyotawanyika, programu ya namna hii haijui kipande kipi kinafuata kipi. Hapo utaona faida ya kuanza kila kazi na kadi iliyofomatiwa ndani ya kamera, badala ya kufuta moja moja katikati ya shughuli: faili hukaa mfululizo, na siku ya balaa huokoleka kwa urahisi. Lakini fomati ya kina epuka. Baadhi ya kamera za Canon zina chaguo hilo, na kwenye Windows tangu toleo la Vista, ukitoa tiki ya fomati ya haraka, kadi nzima huandikwa sifuri. Hapo gesti imebomolewa.

Kuna na kadi za bandia, zilizoandikwa GB 256 wakati ndani ni 16. Picha zikizidi uwezo halisi mara nyingi huwa hazikuandikwa popote, na hakuna programu ya kuokoa kisichokuwepo. Ukinunua kadi mpya, ipime kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kuipeleka kazini. Huijaza yote kisha huisoma tena. Kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde, GB 64 huchukua karibu saa nzima kuandika tu. Iache ifanye kazi ukipika chai.

Kadi isiyoonekana kabisa kwenye kompyuta, au inayopata moto, usihangaike nayo. Hiyo ni ya fundi mwenye vifaa. Muulize kwanza kama ataanza na nakala, mkubaliane bei ya ikishindikana, na fikiria nani ataziona. Kuokoa huibua mpaka vya zamani: picha za kitchen party ambako akina mama walijiachia bila mitandio, au za mteja wa mwaka jana aliyekuomba uzifute. Mimi za namna hiyo siwezi kumwachia mtu usiku kucha. Nakaa pale pale mpaka amalize.

Siku hizi kadi iliyojaa naiingiza kwenye pochi kifudifudi, kiswichi kimefungwa. Tupu hukaa uso juu. Kamera inayoandika kadi mbili kwa pamoja ndiyo ninayopeleka kanisani, ile ya kadi moja hubaki ya ukumbini. Na haifomatiwi kadi mpaka picha ziwe kwenye diski mbili na mimi mwenyewe nimezifungua. Msaidizi wangu sasa ana biashara yake, na kwenye pochi yake amebandika utepe mwekundu upande wa zilizojaa.